Barua Iliyokaa Kwenye Zaburi

Kanduyi,
9 Juni 2003

Mpendwa Senje Lenah,

Salamu hizi zikufikie huko Kitale ukiwa umeketi, maana najua zikikukuta umesimama utazitia mfukoni uendelee na kazi. Sisi huku tu wazima. Mama analalamika magoti, mvua imelaza mahindi ya kule chini, lakini chakula kipo na Mungu hajatusahau. Wewe je? Na Wacera, yule rafiki yako mnayefanya naye saluni, bado anasuka?

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu. Tangu tumzike Baba ni miaka minne, na hukuja, wewe dada yake wa pekee. Lakini sikuandikii tuanze hayo. Nina mambo mawili tu.

La kwanza, ninaolewa. Anaitwa Wekoye, wa Kamukuywa, anauza mbegu na dawa za mifugo. Ni mtu mpole, anacheka polepole. Harusi ni Jumamosi tarehe 13 Desemba. Sasa wewe unajua kwetu: jioni ya kuamkia harusi, binti hupakwa samli na senje yake, dada wa baba, uso na mikono, ndipo atoke kwao. Mimi senje ninaye mmoja tu, na ni wewe. Utakuja?

La pili ni aibu kidogo. Uso wangu umeharibika. Mashavuni kuna mabaka meusi, kidevuni chunusi haziishi, na nikisimama juani na watoto wa nasari pale shuleni nahisi kama nimepakwa pilipili. Nimejaribu ndimu, nimejaribu asali. Mwalimu mwenzangu ameniambia nipake dawa ya meno. Wewe ndiye mtaalamu wetu, hata ukitukasirikia. Nifanye nini? Desemba si mbali.

Wekoye naye ameona nakuandikia, ati niulize kuhusu vile vipele vinavyomtoka shingoni akinyoa. Bado hajaingia kwetu na ameshaanza kuomba.

Mama hajui ninakuandikia. Nijibu kupitia sanduku la shule.

Mwanao,
Nabwile

*

Kitale,
22 Juni 2003

Mwanangu Nabwile,

Barua nimeipata, na nimeisoma nikiwa nimeketi kama ulivyoniamuru. Mimi nipo. Jioni miguu inavimba hadi viatu vinakataa kutoka, lakini nipo. Wacera bado anasuka, vidole vyake sasa vinalia kila baridi ikishuka kutoka Mlima Elgon. Anakusalimu. Huyo Wekoye nimempenda kwa hiyo shingo yake.

Hongera, mwanangu. Ulikuwa unaniketia mapajani ukinivuta hereni. Leo unaolewa, nami nimechoka kama mtu aliyelima siku nzima shamba lisilo lake.

Tuje kwa uso. Kila siku wanawake wanakuja hapa na mabaka kama hayo yako, na swali langu la kwanza huwa ni moja: unapaka nini? Wanajibu, "Hakuna, ni maji tu." Mwanamke anapanda ngazi hadi ghorofa ya kwanza, anaketi kwenye kiti changu, kisha ananidanganya. Wewe usinidanganye. Niandikie kila kitu kinachogusa uso wako, na kama kina kopo, niandikie maneno yote ya kwenye kopo, hata yale madogo ya nyuma.

Kwa sasa, acha vyote. Ndimu hiyo iache leo leo. Ndimu na jua la Kanduyi vikikutana shavuni vinaunguza. Dawa ya meno iachie meno. Nawa asubuhi na jioni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na marashi, halafu kausha kwa kugusagusa na kitambaa safi, usisugue kama unayeosha sufuria ya ugali. Chunusi usikamue. Najua mkono unawasha, ukalie. Ngozi ikiwa bado na unyevu, paka vaselini kidogo kwenye mashavu, lakini kidevuni penye chunusi usiweke. Ukitoka, vaa kofia yenye ukingo mpana. Watoto wa nasari watakucheka siku mbili, ya tatu watazoea.

Mwambie Wekoye anyoe baada ya kuoga, ngozi ikiwa laini. Wembe ufuate nywele zinakolalia, usizipinge. Asivute ngozi, asirudie mahali pamoja mara nne akitafuta ulaini wa mtoto mchanga. Akiweza kutumia mashine na kuacha kivuli cha ndevu, shingo itapona yenyewe.

Kuhusu Desemba, tutaona.

Senje yako,
Lenah

*

Kanduyi,
14 Julai 2003

Mpendwa Senje,

Natumaini miguu imepungua. Weka maji ya chumvi uitumbukize, hata mimi ninajua kushauri. Huku tu salama. Shingo ya Wekoye imeanza kupona na sasa anakuita daktari.

Mimi siponi. Niliacha kila kitu siku ile ile ya barua yako. Wiki ya pili uso uliamka mwekundu, umevimba, unawasha, chunusi zimepanda hadi kwenye paji. Mkuu wa shule amenirudisha nyumbani akidhani ni tetekuwanga. Mama akanitazama akasema, "Si uliacha kujipaka? Rudia." Nikarudia siku mbili, na kweli ukatulia. Halafu nikaogopa kwa jinsi ulivyotulia haraka, nikaacha tena.

Uliniuliza maneno ya kwenye kopo. Senje, kopo halina maneno. Ni kopo la zamani la mafuta ya kupikia, na kilicho ndani Mama anakikoroga mwenyewe jikoni. Nimekipaka tangu nimalize shule. Yeye pia anapaka, vifundo vya vidole vyake vimekuwa vyeusi ilhali mikono ni myeupe, lakini anasema ni moshi.

Sasa usikasirike. Nilimuuliza alijifunzia wapi. Akafungua Biblia yake, penye Zaburi, akatoa barua. Ni mwandiko wako. Ni ya Machi 1994. Nimeisoma mwenyewe. Umeandika tyubu zipi anunue na kopo gani, halafu ukasema, "Wifi Phelista, koroga kwa mwiko wa mti, usitumie chuma. Paka asubuhi na jioni. Baada ya wiki mbili hata kaka yangu hatakujua."

Miaka tisa karatasi hiyo imekaa na maneno ya Mungu. Imechakaa mikunjoni, ameibandika kwa utepe. Na si sisi wawili tu. Siku za soko anaenda Misikhu na vikopo kwenye kikapu, wanawake wanamngojea. Wakimuuliza kama ni salama anawaambia, "Ni ya wifi yangu, mtaalamu wa Kitale, niliandikiwa kwa mkono wake."

Nilimwambia Senje mwenyewe sasa anakataza. Akacheka tu. Akasema neno la senje halitupwi, na kama una neno lingine ungemwandikia yeye, si kupitia mtoto.

Niambie, ndani ya lile kopo kuna nini?

Mwanao,
Nabwile

*

Kanduyi,
30 Agosti 2003

Senje,

Hujambo? Sisi hatujambo.

Barua yangu ya Julai haikujibiwa. Nimeenda kwenye sanduku la shule mpaka karani ananitania kwamba nina mchumba wa pili. Kama umeudhika, udhika, lakini jibu. Uso bado unawaka na sijui kama ninapona au ninaoza.

Nabwile wako

*

Kitale,
21 Septemba 2003

Mwanangu Nabwile,

Nisamehe. Barua hii nimeianza mara tano. Wacera amezikusanya zile nne za kwanza kwenye ndoo ya nywele akaniambia, "Lenah, mtoto anangoja." Ninaandika sasa mlango ukiwa umefungwa, tumemaliza wateja, na nimechoka hata kalamu ni nzito.

Kwanza uso wako, maana ndio wa haraka. Huozi. Ndani ya kopo lile kuna dawa kali ya ukurutu, ambayo daktari humpa mtu kwa siku chache, na kuna krimu ya kuchubua. Ile dawa ya ukurutu huizoesha ngozi ulevi. Ukiinyima, inakasirika kama mlevi aliyenyimwa. Ndiyo maana ulipoirudia ukatulia. Usirudie tena. Hasira hiyo itachukua miezi, itapanda na kushuka. Nenda hospitali, uliza siku ya daktari wa ngozi, umwambie ukweli wote bila kuona haya. Akikupa njia ya kupunguza polepole, fuata yake, usifuate yangu. Kitambaa cha maji baridi kikusaidie ukiwaka. Vaselini, kofia, uvumilivu. Desemba hutakuwa umepona kabisa, mwanangu. Sitakudanganya.

Sasa hiyo barua ya 1994. Ni mimi niliyeiandika. Wakati huo nilikuwa nakoroga hapa saluni na foleni inafika hadi kwenye ngazi. Hakuna aliyenifundisha kwamba ni vibaya, lakini pia sikumuuliza mtu, maana nilikuwa tangazo langu mwenyewe. Nilikuwa mweupe hadi watu wananiita Mzungu wa Stendi. Niliona raha. Nilimwandikia mama yako kwa mapenzi, nikitaka naye aione raha hiyo.

Mwaka 1998 yalinitoka madoa juu ya mashavu. Meusi yanayoelekea bluu, kama wino uliomwagika chini ya ngozi. Nikazidisha dawa, yakazidi. Nikaacha, uso ukawaka kama wako, ila mara kumi zaidi, ukatoka maji, ukabanduka. Daktari aliniambia yale madoa hayatoki. Yatafifia kidogo, basi.

Hapo ndipo kaka yangu Mukhwana akafa. Julai 1999. Nabwile, nilivaa nguo nyeusi, nilifika stendi ya Kitale, nikakaa kwenye benchi. Mbele yangu kulikuwa na mtoto mgongoni mwa mama yake. Alinitazama, akaanza kulia, akalia hadi mama yake akageuka kuona kuna nini, naye akanitazama. Nikainuka nikarudi nyumbani. Kaka yangu alizikwa mimi nikiwa nimejifunika shuka mchana. Mlisema nina maringo ya mjini. Niliacha mseme, maana maringo ni afadhali kuliko huu uso.

Kila asubuhi Wacera ananisubiri saa nzima nikijipaka poda ya kufunika. Dirisha la saluni nimelitia pazia ili nuru isinifikie. Na humo gizani ndimo ninawashauri wanawake wa Kitale kuhusu ngozi zao. Ushauri ni mzuri, ninaujua vizuri sana. Sikuupata chuoni.

Ile barua ichane. Mwambie mama yako nimesema hivyo.

Samli sitaweza kukupaka. Usiniombe.

Senje yako,
Lenah

*

Kanduyi,
10 Oktoba 2003

Senje Lenah,

Natumaini umeamka salama. Mimi nimeenda hospitali, nimepewa dawa, na muwasho umepungua. Daktari aliniuliza nani alinipa mchanganyiko ule. Nikasema nilinunua sokoni. Nimewaficha nyote wawili, wewe na Mama.

Nilipomaliza kusoma barua yako nililia, halafu nikakasirika. Miaka minne tumekaa hapa tukisema Senje alimdharau Baba. Mama anayasema hayo kila Krismasi. Wewe uliona afadhali tukuchukie? Kaka yako alikuulizia siku ya mwisho, nilikuwa hapo, alisema, "Lenah amefika?" Angekuona na hayo madoa angeuliza tu kama umekula, basi. Wewe unamjua Baba.

Nilimsomea Mama hiyo barua yako yote. Nilidhani atalia. Alisikiliza akichambua maharagwe, akasema, "Maneno. Amesikia ninauza Misikhu, sasa ananionea wivu. Mtu akiandika kwamba ni nzuri, kisha anaandika kwamba ni sumu, na mwandiko ni mmoja, mimi niamini upi?" Karatasi amekataa kuichana. Ameirudisha kwenye Zaburi.

Na kuna jingine baya zaidi. Ameamua wasichana sita watakaonisindikiza wapakwe kuanzia wiki ya mwisho kabla ya harusi, ati rangi zao zilingane kwenye picha. Wawili wako kidato cha kwanza. Ana karai zima la kukorogea, jipya, la harusi. Wasichana wenyewe wanafurahi, wananiuliza kama itauma. Nimewakataza, wakanitazama uso wangu ulivyo, wakadhani ninawaonea kijicho.

Mimi maneno yangu yameisha. Karatasi haitamshinda Mama, kwa sababu karatasi ndiyo iliyoanza. Kitu pekee ambacho hajakiona ni uso wako.

Ninajua ulisema nisikuombe. Ninakuomba.

Nabwile

*

Kitale,
2 Novemba 2003

Mwanangu,

Salamu. Afya yangu ni ile ile.

Nimesoma. Nimefikiria wiki tatu, nikitembea na kufikiria, nikiosha watu vichwa na kufikiria. Siwezi. Usidhani sipendi. Kuna vitu ambavyo mtu anavibeba vizuri akiwa peke yake, na akiviweka chini mbele ya watu hawezi kuviinua tena.

Wacera atakuja badala yangu siku ya Alhamisi kabla ya harusi. Atakurembesha, anajua mabaka yako yafunikwe na nini bila kukuwasha, na atazungumza na mama yako. Ana ulimi mtamu. Nimempa pia kofia sita za wasichana.

Usiniandikie tena mpaka harusi ipite.

Lenah

*

Kanduyi,
20 Novemba 2003

Senje,

Wacera ni mtu mwema na akija tutampikia kuku. Lakini Wacera hakuzaliwa na baba yangu. Hawezi kunipaka samli. Basi nitatoka kwetu bila kupakwa, na wasichana watatoka wakiwa wamepakwa lile lingine.

Sijakasirika tena. Nimechoka tu, kama wewe.

Nabwile

*

Kamukuywa,
29 Desemba 2003

Mpendwa Senje wangu,

Pokea salamu kutoka kwangu na kwa Wekoye, na kwa mama mkwe ambaye ameshaniuliza kuhusu visigino vyake vinavyopasuka. Nimemwambia nitakuandikia. Tu wazima. Nyumba yetu iko nyuma ya duka la mbegu, inanuka dawa ya kupe, lakini nimezoea. Wewe ulifika Kitale salama? Uliondoka Jumapili alfajiri kabla sijapata nafasi ya kukuaga vizuri.

Najua ulikuwepo, kwa hivyo ni ujinga kukusimulia siku uliyoiona mwenyewe. Lakini kuna sehemu hukuiona, Senje, kwa sababu macho yako yalikuwa yamefumbwa. Ndiyo maana naandika.

Wewe ulikuja Ijumaa saa kumi, hukutuma hata neno, nyuma ya Wacera aliyefika jana yake na kushindwa na Mama. Samli ilikuwa imeyeyushwa na wanawake wanabishana ni nani aishike. Mimi nilikuwa kwenye mkeka, na wajua bibi harusi haruhusiwi kuinuka mpaka apakwe. Uliingia na kitambaa kichwani na poda yako usoni, ukapendeza, hata nikasikia mtu akisema, "Huyo ndiye Lenah, bado mweupe vile." Ukasalimia kila mtu. Halafu ukaomba maji kwenye beseni na kipande cha sabuni, ukapiga magoti katikati ya nyumba ukaanza kunawa.

Hapo ndipo ulifumba macho. Sasa nikuambie mimi nilichokiona.

Maji yalibadilika rangi mara ya kwanza, hakuna aliyeelewa. Mara ya pili wanawake walisogea waone. Mara ya tatu uliinua kichwa, macho yamefumbwa, sabuni inakuuma, ukasema, "Huu ndio uso wa ile barua. Utazameni vizuri." Wale wasichana sita walikuwa wamesimama ukutani. Wote walijishika mashavu, wote kwa pamoja, na yule mdogo akatoka nje mbio. Mama alikuwa mlangoni mwa jikoni. Lile karai lilikuwa miguuni pake, limefunikwa kwa leso, tayari kwa zamu yao ya jioni hiyo. Alikutazama. Halafu akalisukuma karai kwa mguu, taratibu, mpaka likaingia nyuma ya mlango ambako hakuna mtu angeliona.

Wewe ukasema, "Nipeni kitu, inawaka." Mtu akaja akachovya vidole kwenye samli akakupaka mashavuni, juu ya madoa, polepole, upande huu na upande huu. Ukasema, "Asante, Nabwile."

Senje, sikuwa mimi. Mimi nilikuwa kwenye mkeka, mbali nawe hatua nne, sijainuka. Ilikuwa ni Mama. Hakuna aliyekusahihisha, hata yeye mwenyewe. Alipomaliza alijifuta vidole kwenye nywele zake akarudi jikoni, na ulipofungua macho hakuwepo. Ndipo ukaja ukanipaka mimi. Vidole vyako vilichovya samli ile ile aliyoichovya Mama, nawe hukujua.

Najua ulikaa siku nzima ya harusi Mama hajakusemesha. Nilikuona ukimtazama. Niliona ulivyoondoka alfajiri ukidhani umejifunua bure, na ndiyo maana sitaki mwaka uishe kabla hujajua.

Jumatatu baada ya harusi nilienda Kanduyi kuchukua vyombo vyangu. Lile karai lilikuwa linakauka juani, limeoshwa. Akaniambia yaliyokuwemo ameyamwaga chooni. Halafu akaniuliza, "Kwa hivyo ni kweli, hayo madoa ndiyo yaliyomzuia kuja kumzika baba yako?" Nikamwambia ndiyo. Akakaa chini. Akasema, "Na mimi nilimsema miaka yote hiyo." Akalia sana, Senje. Mimi nikaondoka nikamwacha alie, maana najua hapendi kuonekana.

Misikhu hajaenda tangu hapo. Wanawake wanamfuata nyumbani wakitaka vikopo, wengine wanamtukana, ati amewazoesha kisha anawanyima. Baadhi yao nyuso zimeanza kuwaka kama wangu ulivyowaka. Anawaambia waende hospitali, hawaamini. Anachoka. Jana alinituma kwako, na haya ni maneno yake: "Mwambie ile karatasi nimeichoma. Sasa Zaburi ina pengo. Aniandikie nyingine, kwa mkono wake, nikae nayo nikiulizwa."

Uso wangu? Kwenye picha niko na mabaka. Mpiga picha alitaka kuyafuta huko studio, nikakataa. Wekoye ameitundika dukani, juu ya mizani.

Mwanao,
Nabwile

*

Kitale,
11 Januari 2004

Mwanangu Nabwile,

Mwaka mpya mwema kwako na kwa nyumba yako yenye dawa ya kupe. Nilifika salama. Miguu bado inavimba.

Barua yako niliisomea saluni mbele ya mteja, nikashindwa kumaliza. Wacera akaimalizia kwa sauti, na mteja, mama Gathoni wa sokoni, akalia pamoja nasi ilhali hata hamjui mmoja wenu. Nilijiosha uso nikarudi kazini. Sikujipaka poda tena siku hiyo, kwa uchovu tu, usifikirie ni ushujaa. Kesho yake nilijipaka. Leo sijajipaka. Ninakwenda hivyo hivyo. Wateja wawili wamehama, na mmoja amekaa chini akaniambia ukweli wa anachopaka kabla sijamuuliza.

Ile mikono iliyonipaka samli niliihisi ni migumu kuliko yako. Nilifikiri ni chaki ya shuleni.

Visigino vya mama mkwe: atumbukize kwenye maji ya uvuguvugu, asugue na jiwe taratibu, apake vaselini nyingi, avae soksi. Asikate kwa wembe.

Hii iliyo chini ni ya mama yako. Ikate hapo nilipopiga mstari umpelekee mwenyewe.

_______________

Wifi Phelista,

Salamu. Ile ya 1994 niliiandika nikiwa sijui. Hii ninaiandika nikijua, nawe umeona nilikojulia.

Nawa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na marashi. Usisugue. Paka vaselini ngozi ikiwa na unyevu. Jua likiwa kali, kofia au mwavuli, hata ukienda kisimani tu. Vifundo vya vidole usivifanye chochote, vitachukua muda mrefu, viache. Anayewaka uso mpeleke hospitali mwenyewe, umshike mkono, maana peke yake hataenda.

Paka asubuhi na jioni. Hutabadilika. Utabaki yule Phelista ambaye kaka yangu alimleta nyumbani akiwa amevaa gauni la manjano, na siku mtakapokutana tena, atakujua.

Wifi yako,
Lenah